Mchezo wa Kuanua Dagaa

Mwanangu Nyangeta,

Kwa heshima na taadhima, na mbele ya mashahidi ambao wengi wao ni kuku, natangaza kwamba mfuniko wa ndoo ya bluu umepatikana. Ukoo wa Bwire, ambao mama yako aliutuhumu hadharani pale bombani, unatakaswa kuanzia leo. Mfuniko haukuibwa. Ulichukuliwa kwa matumizi ya umma. Nitakueleza matumizi yenyewe, na ndiyo sababu ya barua hii, maana ningekusimulia kwa mdomo ungesema baba ameanza tena.

Sitakuandikia habari za kula vizuri, kufunga mlango wa bweni, kuchagua marafiki na kuogopa maji ya Bunda. Hayo mama yako ameyapanga na atayatoa asubuhi, yote, mpaka kondakta apige honi. Mimi nimebakiwa na kitu kimoja tu, nacho ni kile ulichokisema juzi ukikunja nguo: "Baba, mimi naenda kwa sababu mmenisukuma. Ila Wegesa akiendelea kukaa peke yake vile, sitamaliza hata mwezi, nitarudi. Uuguzi watasoma wengine."

Ulikunja nguo moja mara nyingi mno. Niliona.

Na ninajua ukirudi hutakwenda tena. Nafasi ya kwanza uliikosa kwa sababu tunayoijua sote: uliizaa mwenyewe, ina makamasi na inaitwa Wegesa. Hii ya pili imekuja bila kutegemewa, kama mvua ya kiangazi. Kwa hiyo nisome taratibu. Ukifika mwisho uamue mwenyewe.

Unajua jinsi nilivyoingia katika kazi ya watoto. Sikuomba. Mtu anayeshona nyavu anakaa sehemu moja kutwa nzima, na wanawake wanaoanika dagaa hapa mwaloni, mitumbwi inapofikia, wakiona mwanaume amekaa sehemu moja hawamwoni kama fundi, wanamwona kama uzio. "Mzee Magesa, nakuachia huyu kidogo." Kidogo hiyo inaanzaga asubuhi na kuisha jua likiwa kichwani. Alianza Mama Bhoke na Bhoke wake. Akaja Mama Salumu, yule fundi cherehani wa njia ya msikitini, na Salumu wake mwenye meno manne makubwa ya mbele na tabia ya kuyatumia. Wakafuata wengine ambao majina yao najua nusu nusu, na wao yangu hawalijui kabisa, wananiita Babu Sindano.

Bwire akipita na kasia lake begani hakosi neno. "Mzee, siku hizi unafugaga watoto?"

"Hawa hawafugwi. Wanajifuga."

"Kwa wingi huo wangeweza kuvuta kokoro."

"Wavu wa kokoro umepigwa marufuku, Bwire. Wewe unajua kuliko sisi wote."

Basi anakwenda zake haraka haraka.

Mwanzoni nilidhani watoto hawa hawajui kucheza pamoja na kwamba mimi, mtu mzima mwenye darasa la saba, nitawafundisha. Nilianza na treni. Kila mmoja ashike nguo ya mwenzake tuzunguke uwanja. Nyangeta, hakuna mtoto wa miaka miwili duniani anayetaka kuwa behewa. Nilipata treni yenye vichwa vingi kuliko reli zote za nchi hii, kila kichwa kikielekea kwake na kupiga honi yake. Nikahamia kujificha. Nikafumba macho, nikahesabu kwa sauti, nikafumbua. Wote walikuwa wamesimama mbele yangu wamejiziba macho kwa viganja. Nikajifanya nawatafuta: "Jamani, Salumu yuko wapi?" Salumu akajibu, "Niko hapa!" na kuonyesha kifua chake kwa kidole ili nisipate taabu.

Nikajisemea, wanagombana kwa sababu vitu havitoshi. Nikakata maboya ya zamani ya mti, nikampa kila mtoto boya lake, sawa kwa sawa, kama serikali nzuri. Pakatulia. Kila mmoja akachukua boya lake, akaenda pembe yake, akanipa mgongo. Uwanja ukawa kama stendi usiku, kila abiria na mzigo wake. Nilijisifu kwa utulivu ule. Ilinichukua siku kadhaa kugundua kwamba nilikuwa nimeua kitu. Haki ya kugawa sawasawa inafaa kwa samaki. Kwa watoto wa umri ule inawafanya kama mtu na mkwe wake, kila mmoja anakaa mbali na heshima zake.

Siku niliyoyakusanya maboya yawe kuni za uji, hawakulia. Walikuta kipande cha wavu wa dagaa uliochakaa, ule ninaoutumiaga kukatia viraka. Mmoja akauvuta, haukwenda. Wa pili akashika. Haukwenda. Wakashika wengi, ukaja. Nyangeta, nilisimamisha sindano. Hawakuambizana neno. Bhoke nyumbani kwao ni Kikurya kitupu, Salumu ana Kiswahili cha mjini anachokitema vipande vipande, yule wa kwa Mama Otieno anajibu kila jambo kwa Kijaluo, na kuna mmoja ambaye mpaka leo hajasema chochote kwa lugha yoyote. Lakini wavu ulikuja, wakiuvuta kinyumenyume, wakikaa chini wote kwa pamoja kila ulipokwama, na wakicheka kukaa huko kuliko walivyocheka kuvuta. Nimeangalia mitumbwi mingi ikivuta nyavu zangu. Sijaona wavuvi watu wazima waliopatana upesi kiasi kile bila mmoja wao kuwa bosi.

Toka hapo nikaacha kufundisha. Nikawa naangalia kwa hila. Kichwa nimekiinamisha kwenye wavu, macho yako juu. Ukimwangalia mtoto wazi wazi mchezo unageuka kuwa maonyesho, anaanza kukufurahisha wewe. Ndiyo maana mama yako anasema kazi yangu imezidi kuwa ya polepole. Nilikuwa darasani.

Nikaona mambo. Salumu akianguka kwa bahati mbaya, wote wanaanguka kwa makusudi, na yule aliyetaka kulia anasahau. Mmoja akipiga sufuria, wa pili hataki sufuria nyingine, anataka ileile, na kumbe kinachotakiwa hapo ni kuwa naye, sufuria ni kisingizio. Wanarudia kitu kimoja mpaka mtu mzima angeshaomba likizo. Nilidhani wanarudia kwa kuwa hawana akili ya kuwaza kipya. Sasa naona wanarudia kwa sababu wakijua kinachofuata ndipo wanaweza kukifanya pamoja. Sisi tunaita misa au swala. Wao wanaita "tena".

Halafu wakauzaa mchezo wenyewe. Ule wavu waliuvuta mpaka katikati ya uwanja, wakautandaza, wakalala juu yake chali. Nikadhani wamechoka. Bhoke, ambaye ndiye mkubwa na anakaribia miaka minne, akabaki amesimama ameinua kitu juu ya kichwa kwa mikono miwili. Kilikuwa mfuniko wa ndoo ya bluu. Nikamuuliza, "Bhoke, hilo sinia la nini?"

Akanitazama kwa huruma. "Siyo sinia. Jua."

Waliolala ni dagaa. Wanakauka. Salumu ni yangeyange, yule ndege mweupe mwizi wa dagaa, anazunguka na kudonoa vidole vya miguu, na meno yake manne yamepata kazi halali. Dagaa wanacheka, na hapo ndipo mchezo unapotofautiana na ukweli. Kisha Bhoke anaficha jua mgongoni, anapiga kelele: "Mvua! Anua! Anua!" Dagaa wote wanasimama wanakimbilia chini ya turubai wanarundikana. Hawajafundishwa na mtu. Wameona mama zao wakiacha uji, simu na hata ugomvi na kukimbia, kila mtu anaanua cha kila mtu, bila kuuliza huyu dagaa wa nani. Katika yote tunayoyafanya hapa mwaloni, na mengine si ya kusimulia, wamechagua lile moja tunalolifanya kwa pamoja bila kuambiana.

Sasa nakuja kwenye kosa langu, kwa sababu Wegesa hakuzaliwa mtoto wa kukaa pembeni. Nilimfanya mimi, na wewe hujui, ulikuwa umeenda Butiama kumwona shangazi yako.

Unajua ninavyomwita Wegesa mama, kwa kuwa ana jina la mama yangu. Ukimpa mtoto jina la aliyelala, umemrudisha nyumbani, ndivyo tulivyolelewa. Mimi simkaripii Wegesa kwa sauti ya kumkaripia mtoto. Akinimwagia chai nasema, "Pole mama." Watu wanacheka, lakini wewe ulikuwa darasa la nne bibi yako alipofariki, na labda unakumbuka alivyolazwa uani pale Butiama, kwenye mkeka, kitenge kimemfunika mpaka kichwani, na mimi nikipita huku na huku kuhesabu majembe ya wachimba kaburi. Sikulia. Nilikuwa na shughuli. Mkubwa wa familia anakuwaga na shughuli.

Siku ile ya kosa Wegesa alikuwa dagaa kama wengine. Alikuwa anacheza, Nyangeta, na kucheka. Lakini jua lilikuwa kali, akajivutia kanga yako akajifunika mpaka kichwani. Nikainua macho kutoka kwenye wavu nikaona amelala chali, amefunikwa, amenyooka, na wenzake wamezunguka. Sikuona mtoto. Niliona uani Butiama. Nikapiga ukelele ambao sikujua ninao, nikarusha sindano, nikamnyanyua kwa mkono mmoja. "Hakuna kulala hivyo hapa! Nani kawafundisha mchezo wa msiba?"

Hakuna aliyewafundisha mchezo wa msiba. Niliuleta mimi. Walikuwa dagaa.

Salumu alilia. Wote wakalia, maana kulia nako wanakulia pamoja. Wegesa hakulia. Aliniangalia, akaenda kukaa mlangoni na kanga yako, na toka siku hiyo yuko vile ulivyomkuta: anashika pindo, ananyonya kidole, anaangalia wenzake kama mtu anayeangalia ng'ambo. Ukauliza, "Mtoto ameonewa na nani?" Nikasema labda meno. Bibi yako, yule Wegesa wa kwanza, asingenisamehe uongo ule. Alikuwa akisema mtoto hafundishwi kucheza, anafundishwa kuacha. Nilikuwa nikidhani ni maneno ya mwanamke aliyechoka.

Nilijaribu kutengeneza. Nilimbeba nikamweka katikati yao, akarudi mlangoni. Nilimnunulia mpira, akaukalia. Nilimwomba msamaha, mimi mzee mzima nimechuchumaa: "Mama, nisamehe." Akanipa nusu ya muhogo wake, nikadhani yameisha. Hayakuisha. Kwa muhogo alinisamehe mimi. Mchezo ulikuwa jambo jingine.

Leo mlipokwenda mjini na mama yako kununua godoro, alikaa juu ya mguu wangu. Kanga yako shingoni. Wenzake wakatandaza wavu. Bhoke akainua jua. Mimi nikaanza kushona tundu ambalo nilikwisha kulishona.

Nikasikia mguu umekuwa mwepesi.

Alikwenda mpaka ukingoni mwa wavu akasimama. Hakuwatazama wenzake. Aligeuka akanitazama mimi. Anauliza. Mtoto ambaye hajafika miaka mitatu, ameshika kanga, anauliza kwa macho kama sheria bado ipo. Nilikuwa na maneno mengi, yote mazuri. Ningeweza kusema haya mama nenda, cheza, babu amekuruhusu. Sijui ni nani aliyenishika mdomo. Niliinamisha kichwa nikatazama sindano. Niliitazama kama vile haijawahi kutengenezwa sindano nyingine.

Nilipoiba jicho alikuwa amelala. Chali. Kanga imemfunika mpaka kichwani, amenyooka, vilevile. Na mimi nikaona tena uani, mkeka, kitenge, majembe. Nikauma uzi. Nikabaki nimekaa, na pale ndipo machozi ya Butiama yalipoamua kuja, baada ya miaka yote hiyo, mchana kweupe, mbele ya kuku. Sikuwa na shughuli ya kuyazuia. Wavu wa watu ukalowa kidogo. Wenyewe walipokuja kuudai jioni hawakuona tofauti.

Bhoke akaficha jua. "Mvua! Anua! Anua!"

Dagaa wote wakainuka wakakimbia. Wegesa hakuinuka.

Nilishaweka mkono chini ili nisimame. Lakini chini ya turubai Salumu alikuwa anawaangalia wenzake kama anayekagua. Akaona pengo. Akarudi. Nyangeta, yangeyange alirudi uwanjani kwenye mvua kumwokoa dagaa. Akashika mguu mmoja, akavuta, haukuja. Akaja wa kwa Mama Otieno akashika wa pili. Akaja yule asiyesema akashika pindo la kanga. Bhoke akatupa jua chini, akaja mbio, akajaribu kumwinua, akashindwa, akatangaza:

"Dagaa huyu mzito!"

"Siyo dagaa," Salumu akasema. "Sangara!"

Chini ya kanga nikasikia kicheko. Sikuwa nimekisikia toka siku ile. Wakamburuta hivyo hivyo, sangara anacheka, kanga inafagia uwanja, mpaka chini ya turubai, na huko wakarundikana juu yake kumkinga na mvua ambayo haikuwepo. Jua lilikuwa la kukaanga yai.

Hakuna dagaa anayerudiwa hapa mwaloni. Aliyesahaulika akilowa ameoza, tunampa bata. Hilo hawakuliiga kwetu. Nimejiuliza mchana kutwa wamelitoa wapi. Nimeishi nikidhani wema tunawapa sisi, kidogo kidogo, kama uji, na kwamba tukichelewa watakosa. Leo nimeona wanakuja nao. Nilikaa pale na sindano yangu nikahisi kama mtu aliyeingia nyumba ya watu bila kubisha hodi.

Halafu rundo likatulia, na kutoka chini kabisa Wegesa akasema, "Tena."

Walirudia mpaka uji. Wengine nao wakaanza kukataa kuinuka ili warudiwe, sasa mchezo una sheria mpya na mvua haiishi. Baadaye akawa yangeyange. Anauma vibaya, jiandae kwa malalamiko ya Mama Salumu. Alikuulizia mara moja, wakati wa uji. Nikamwambia umeenda kununua godoro. Akasema, "La kulalia," nikasema ndiyo, akarudi kazini. Kanga yako ilibaki uwanjani na kuku mmoja akaikalia. Ilipoanza kupoa niliianua mimi, ndiyo hiyo kwenye kamba.

Mlipofika mmebeba godoro alikuwa ameshalala, ukasema, "Maskini, amelala kwa upweke." Mama yako alikuwa anazungumza, na jambo kama hili ukiliingiza katikati ya bei ya godoro linakuwa hadithi ya mzee.

Kesho utafika bwenini Bunda, utakuta wasichana wametandaza vitu vyao, wanacheka mambo usiyoyajua. Utasimama ukingoni. Nakujua, umesimama ukingoni toka shule. Sina ushauri, niliokuwa nao uliishia kwenye treni. Nitakuambia nilichokiona tu: hakukaribishwa na mtu, wala hakuomba. Alilala chini katikati yao akakaa hapo mpaka wakamkosa. Na ukisimama ukageuka kututazama huku nyuma, utatukuta tumeinamisha vichwa tunashona. Hatujakusahau. Tunafanya hivyo kwa makusudi na ni kazi ngumu.

Wegesa, mama yangu huyu mdogo, atakuwa hapa na watu wake. Wewe soma.

Nilitaka kuishia hapo na kuikunja barua, nikaona kwanza nimchungulie. Amelala chali, mikono juu, mdomo wazi. Amekojoa. Shuka lake la kubadilisha umelifunga chini kabisa ya begi lako, kwa hiyo itabidi nikuamshe.